Wino Uliokuwa Ukipotea

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mhariri wetu aliponitaka niandike habari kwa gazeti la muhula huu, fikira yangu ya kwanza ilikuwa kuandika juu ya safari yetu ya Mikumi. Lakini niliambiwa ya kuwa wenzangu watatu wamekwisha kuiandika safari hiyo, na mmoja wao aliona simba wengi kuliko niliowaona mimi, ingawa tulikuwa katika gari moja. Basi mimi nitaandika juu ya wino wa printa. Najua wengine watageuza ukurasa hapa. Lakini nyumbani kwetu wino ndio unaoleta unga, na kwa ajili ya wino nilimsingizia mtu kosa ambalo hakulifanya. Jambo hilo sijapata kulisema mbele ya watu.

Kwetu ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mama yangu alikuwa karani, na kazi yake ilipokwisha alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika na printa ndogo mpya, akaziweka katika chumba cha mbele. Watu wa mtaani huleta barua za kuomba kazi, kadi za michango ya arusi, na zaidi ya yote mitihani ya shule za chekechea. Kila ukurasa mweusi ni Sh. 200/-. Fedha hizo si nyingi, lakini ndizo zinazoninunulia viatu, sabuni na nauli ya kuja shuleni. Ndizo pia zinazomtunza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa kwetu. Wakati wa habari hii alikuwa Darasa la Sita.

Printa ile tuliipata kwa bei rahisi ajabu, tukafurahi kama watu waliookota. Furaha ikakoma wino wa kwanza ulipokwisha. Mama alikwenda dukani akaambiwa katriji nyeusi peke yake ni Sh. 45,000/-. Alirudi mikono mitupu, akakaa kitini bila kuvua kanga yake ya safari. Ndipo tulipojua ya kuwa wenye viwanda wengi huuza mashine hizi kwa faida ndogo sana, wakitazamia kupata fedha yao katika wino. Ni kama kinyozi anayeuziwa kishikio cha wembe kwa bei ya bure, halafu akanunua nyembe maisha yake yote.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Juu ya kisanduku cha katriji ile paliandikwa ya kuwa inatosha kurasa 120. Ukigawanya 45,000 kwa 120 utapata Sh. 375/- kwa ukurasa mmoja. Rimu ya karatasi 500 tulinunua kwa Sh. 13,000/-, yaani Sh. 26/- kila karatasi. Kwa hiyo mama angetumia Sh. 401/- ili apate Sh. 200/-. Na zile kurasa 120 ni kurasa za kupimia za kiwandani, si kurasa za mwalimu wa chekechea anayetaka picha ya tembo kila swali. Ilikuwapo katriji kubwa zaidi ya mashine ile ile, ya kurasa 480, kwa Sh. 75,000/-. Hiyo ni Sh. 156/- kwa ukurasa, na ukiongeza karatasi unabakiwa na faida ya Sh. 18/-, umeme haujahesabiwa. Tangu siku hiyo mama hatazami bei ya katriji. Huuliza kwanza kurasa.

Kijana mmoja mwenye duka la simu akamfundisha mama kuijaza katriji ile kwa bomba la sindano. Chupa ya wino ya mililita 100 ilikuwa Sh. 10,000/-, na kila safari mama alitia mililita 6. Basi kila kujaza kulikuwa kama Sh. 600/-, nasi tukapata pumzi. Jirani yetu mmoja alimwambia mama ya kuwa kujaza vile ni wizi, kwa sababu kampuni haikumpa ruhusa, na mama, ambaye ni mtu wa kuogopa dhambi, alikosa usingizi. Mimi nilipata kusoma baadaye ya kuwa kesi ya namna hii, juu ya kampuni moja iliyojaza upya katriji tupu za Lexmark, ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 30 Mei 2017 mahakama ikaamua ya kuwa mwenye hataza akikwisha kuuza kitu chake, haki zake za hataza juu ya kitu kile zimekwisha. Hiyo ni sheria ya Marekani, si yetu, lakini nilipomweleza mama alilala.

Kujaza nako kuna mitego yake, na sisi tulinaswa na yote. Printa kama ya kwetu ina vitundu vidogo sana chini ya katriji, vyembamba kuliko unywele. Nyuma ya kila kitundu kuna kipande cha kupasha moto. Umeme ukipita, wino huchemka ghafula na kufanya kiputo, na kiputo husukuma tone moja karatasini, mara maelfu katika sekunde moja. Yasemwa ya kuwa mhandisi mmoja wa Canon huko Japani aliigundua njia hiyo mwaka 1977, kwa kugusisha kwa bahati mbaya chuma cha kulehemu na sindano yenye wino, akauona wino ukiruka. Sasa, wino wenyewe ndio unaokipoza kile kipande cha moto. Mtu akiendelea kupiga chapa mpaka katriji imekauka kabisa, akidhani anaramba tone la mwisho, kipande kinaungua, na hapo hakuna kujaza tena. Sisi tuliunguza katriji moja kwa njia hiyo kabla ya kujua. Kwa hiyo mama hujaza wakati wino ungalipo kidogo.

Mtego wa pili ulikuwa wa aibu zaidi. Wino ni wa namna mbili. Mmoja rangi yake imeyeyuka majini kama chumvi. Wa pili rangi yake ni unga laini sana uliotawanyika majini bila kuyeyuka, na huo ukikauka juu ya karatasi huvumilia maji. Katriji yetu nyeusi ilitengenezwa kwa wino wa pili, nasi kwa kutojua tukanunua ule wa kwanza kwa kuwa ulikuwa rahisi. Ilikuwa masika. Kijana mmoja alichukua barua yake ya kuomba kazi, akanyeshewa njiani, na alipofika mjini jina lake lilikuwa limekuwa mto wa buluu. Alirudi kwetu, wala hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza mama. Alimpigia chapa nakala tano bure kwa wino uliokuwapo, akamfungia ndani ya mfuko wa nailoni. Chupa iliyofuata aliuliza namna ya wino kabla ya kuuliza bei.

Nilirudi likizo mwanzoni mwa Juni 2024, nikakabidhiwa chumba cha mbele kama bwana mkubwa. Mama ana daftari ambamo huandika kila kazi na idadi ya kurasa, na kila anapojaza katriji hupiga mstari mwekundu. Nilihesabu kurasa baina ya mistari. Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, kila kujaza kulitoa kurasa 110 au 115. Katika wiki mbili za kwanza za likizo yangu nilipata 61, kisha 58, kisha 55. "Baba," mama aliniambia (maana mimi nina jina la babu mzaa baba), "wino huu unanyweka?" Sikuwa na jibu, nami niliona ya kuwa mtu aliyefika Kidato cha Pili hawezi kukosa jibu.

Basi nikalitafuta jibu kwa mtu aliye mdogo kuliko mimi. Mdogo wangu alipenda sana picha za wachezaji wa mpira, na mwezi wa Aprili mama alikuwa amempigia chapa mbili, akazibandika juu ya kitanda chake. Nikajiambia ya kuwa sisi tukilala, yeye huingia chumba cha mbele na kujipigia picha. Nilimwita mbele ya mama, nikamsomea hesabu zangu kama mwendesha mashitaka. Alisema, "Kaka, mimi sijagusa." Nilimuuliza, basi wino unakwenda wapi? Mtoto wa Darasa la Sita atajibu nini swali hilo? Alilia. Mama hakusema neno, lakini usiku ule tuliweka neno la siri katika kompyuta, na tuliolijua tulikuwa wawili tu. Kesho yake picha zile mbili hazikuwapo tena ukutani. Alikuwa amezibandua mwenyewe.

Wino ukaendelea kwisha vile vile.

Yafaa niseme ya kuwa sikukaa bure. Nilikuwa nimesoma habari za mvulana wa miaka 14 wa huko Pittsburgh, Marekani, Suvir Mirchandani, ambaye alipima wino unaotumiwa na aina mbalimbali za herufi. Mwaka 2014 habari zake zilienea duniani, kwani alihesabu ya kuwa serikali yao ingeokoa mamilioni ya dola kwa kutumia herufi za Garamond. Mimi nikabadilisha mitihani yote ya chekechea kuwa Garamond. Mwalimu wa kwanza aliyekuja kuichukua akauliza kwa nini maandishi yamekuwa madogo, watoto hawataona. Na kweli, wataalamu wa herufi walikwisha kueleza wakati ule ule ya kuwa Garamond hutumia wino kidogo zaidi kwa sababu herufi zake ni ndogo kuliko nyingine za kipimo kile kile. Ukizikuza zilingane, faida kubwa inayeyuka. Nilirudisha herufi za zamani. Lakini bado namheshimu mvulana yule, kwani alipima kwanza ndipo akasema, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa mdogo wangu.

Nilifaulu zaidi katika mambo mengine madogo. Katika mipangilio ya printa kuna hali ya rasimu, ambayo hutoa maandishi mepesi kwa wino kidogo. Haifai kwa barua ya kazi, lakini kwa nakala ya kusahihisha yatosha kabisa. Tena kuna mahali pa kuchagua wino mweusi peke yake, maana usipochagua, mashine nyingine huchanganya rangi zote kuufanya weusi, na mtu hushangaa katriji ya rangi ikiisha naye hajapiga chapa hata ua moja. Nilimzoesha mama pia kuutazama ukurasa katika kioo cha kompyuta kabla ya kuupiga. Makosa mengi ya arusi yalikamatwa hapo, pamoja na jina la bwana arusi.

Yote hayo yalisaidia, lakini daftari lilisema 66, kisha 63.

Katikati ya Juni babu yangu mzaa mama alikuja kututembelea. Babu alisoma shule ya kati katika miaka ya 1950. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," akakaa mlangoni pa chumba cha mbele kuota jua. Nikawasha swichi ya ukutani. Printa ikaanza kunguruma na kujikwaruza ndani, kama ilivyokuwa ikifanya kila nilipoiwasha. "Mashine yako inakohoa nini?" Babu akauliza. Nilimjibu ya kuwa inajisafisha mdomo ndipo iandike.

Babu alicheka sana. Akanieleza ya kuwa madawati yao yalikuwa na tundu la kuwekea kidau cha wino, na wino wenyewe ulikuwa wa unga, uliokorogwa kwa maji na mwanafunzi wa zamu. Waliandika kwa kalamu za kuchovya. "Kalamu usipoifuta jioni," alisema, "asubuhi imeganda. Utachovya, utafuta, utachovya tena. Wino mwingi wa Serikali ulikwisha katika vitambaa vyetu, si katika madaftari. Mwalimu alitupiga kwa hilo." Halafu akageukia habari za fimbo za mwalimu yule, ambazo ni ndefu.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkono wangu bado uko juu ya swichi.

Maana ni mimi niliyeianzisha desturi ya swichi. Siku ya kwanza ya likizo niliona ya kuwa mama huizima printa kwa kitufe chake, lakini ukutani huacha umeme. Umeme wetu ni wa LUKU, nami nikaona huo ni upotevu. Tangu siku hiyo, kila mteja akiondoka nilizima ukutani, kompyuta na printa pamoja, hata mara nne kwa siku, na kila mara nilijisifu moyoni. Nilifungua kifuniko cha mashine, nikamulika kwa tochi ya simu ya mama. Upande wa kulia, mahali katriji zinapolala, kuna vifuniko vidogo vya mpira, na karibu yake niliona sifongo nyeusi iliyolowa, inang'aa kama lami. Wino wetu ulikuwa pale.

Kijitabu cha mashine kilikuwa bado katika nailoni yake, hakijafunguliwa na mtu yeyote tangu siku ya kununuliwa. Kiliandika wazi: izime kwa kitufe, wala usikate umeme kabla taa haijazimika. Ukibonyeza kitufe, mashine huzipeleka katriji mahali pake na kuvifunika vitundu kwa ule mpira, ili wino usikauke. Ukikata ukutani kwa ghafula, huenda vitundu vikaachwa wazi katika joto la Morogoro. Na umeme ukirudi, mashine haijui imelala namna gani, kwa hiyo hujisafisha, yaani huvuta wino kupitia vitunduni na kuumwaga katika sifongo. Mara nne kwa siku! Nikaihesabu pia faida yangu ya umeme. Printa iliyokaa tu bila kazi hutumia wati chache. Hata zikiwa wati 2 kwa saa 14 za kila usiku, kwa mwezi mzima haifiki uniti moja.

Sikumwambia mtu. Nilijaza katriji, nikatumia kitufe, nikangoja taa izimike, ndipo nikazima ukutani, maana kwa njia hiyo huwezi kupoteza wino wala umeme. Tena asubuhi niliwasha mara moja, nikaiacha mpaka jioni. Siku zile kazi zilikuwa haba, nikangoja kwa wasiwasi. Mstari mwekundu wa kwanza ulitoka kwenye 104. Wa pili ulitoka kwenye 109.

Usiku ule nilimwonyesha mama daftari, nikamweleza habari ya swichi. Aliangalia tarakimu kwa muda. "Na mtoto je?" akauliza. Hilo tu. Nilikuwa nimetumaini atanisifu kidogo kwa ule upelelezi.

Mdogo wangu alikuwa uani akiosha vyombo. Tangu siku ile hakuwa ameingia tena chumba cha mbele, hata kuja kuniita kula alinyoosha sauti kutoka ukumbini. Nilimwambia ya kuwa wino haukuchukuliwa na mtu, ni mimi niliyekuwa nikiupoteza, na ya kuwa nilimwonea, anisamehe. Akaendelea kusugua sufuria. Kisha akauliza, "Ulimwambia mama?" Nikasema ndiyo. "Na Babu?" Nikasema bado. "Mwambie na Babu," akasema, "maana alisikia." Sikujua ya kuwa Babu alikwisha kuisikia habari ile, kumbe mama alimweleza siku aliyofika. Ilinibidi niende, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikaeleza yote tangu mwanzo. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote niliofanya katika shule hii.

Nilitaka kumpigia chapa picha nyingine mbili badala ya zile, kwa rangi. Alikataa. Alitaka neno la siri la kompyuta, na mama akampa.

Sasa mama anaweka fedha kidogo kidogo apate printa ya tangi, ambayo wino wake humiminwa kwa chupa. Kampuni ya Epson ilianza kuziuza za namna hiyo Indonesia mwaka 2010, na siku hizi zipo hata katika maduka ya mjini kwetu. Kuna chupa nyeusi ya mililita 65 iliyoandikwa kurasa 4,500. Dukani niliambiwa Sh. 35,000/-, hiyo ni kama Sh. 8/- kwa ukurasa. Lakini mashine yenyewe ni zaidi ya laki tano, maana faida ambayo wenzao huificha ndani ya wino, hawa wanaitaka siku ya kwanza. Kwa mtu anayepiga chapa kurasa kumi kwa mwezi sioni sababu ya kuinunua. Aende steshenari alipe Sh. 200/-. Kwa mama, aliyepiga kurasa zaidi ya elfu mbili mwaka ule, najua itajilipa. Nayo pia yataka kufunikwa vizuri na kutumiwa mara kwa mara, kwani wino wa tangi hukauka vitunduni kama wino mwingine.

Mwezi wa Julai, asubuhi ya kurudi shuleni, nilikuta mdogo wangu amekwisha kukaa mbele ya printa na daftari limefunguka mapajani. Mwalimu wa chekechea alikuwa akisubiri mitihani yake, kurasa 30. Mdogo wangu alizihesabu, akaziandika kwa mkono wake mkubwa wa Darasa la Sita, akabonyeza kitufe. Kisha akaweka kidole juu ya swichi ya ukutani, akaikazia macho ile taa mpaka ilipozimika.